Kisu Mfukoni mwa Shati

Nina mazoea, kila siku nitokapo nyumbani, ya kuupapasa mfuko wa shati langu, upande wa moyo, nipate kujua kama vitu vitatu vimo: kalamu, miwani na kisu. Kisu hicho kikikunjwa hakiishindi sana kalamu yenyewe kwa unene. Makali yake ni marefu kiasi cha vidole vinne, na uzito wake ni hafifu mno, hata juma la kwanza nilipokuwa nacho nilirudi nyumbani mara mbili kukitafuta ilhali nimekichukua. Wazee waliokuwa na nguvu zao nilipokuwa mtoto, hapa Kirushya wilayani Ngara, wangekihesabu kuwa ni kitu cha kuchezea watoto, maana zama zao kisu cha mwanamume kilipimwa kwa namna kilivyouvuta mshipi wa kiunoni. Nimejaaliwa umri wa kuona kipimo hicho kikigeuka, na sababu zilizokigeuza hazikutoka dukani peke yake.

Kisu cha kwanza nilichokifahamu kilikuwa cha babu yangu mzaa baba. Hakikuwa cha kukunja; kilikaa katika ala ya ngozi ya mbuzi iliyofungwa kwa kamba chini ya koti lake kuukuu, na aliyekifua alikuwa mhunzi wa kijiji jirani, ambaye nilipata kumwona mara chache akiwa ameketi juu ya kigoda, mwanawe akivuta na kushindilia mivukuto mpaka makaa yakang'aa kama jua la saa sita. Ufundi ule ulikuwa na nasaba ndefu katika nchi zetu. Upande wa mashariki, kuanzia Biharamulo hata Geita, Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, na majembe yao yalifika mpaka Usukuma. Na kaskazini, katika nchi ya Wahaya, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua tanuri za chuma zilizowaka zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kwa hiyo babu alipokishika kisu chake alishika kitu cha kwao, na kwa haki alikionea fahari.

Lakini fahari ni jambo moja na kukata ni jambo jingine. Mgongo wa kisu kile ulikuwa mnene kama kidole cha mtoto, na kisu chenye mgongo wa namna hiyo huingia ndani ya kitu kama kabari: muhogo haukukatwa, ulipasuka, kiazi kilivunjika vipande visivyolingana, na bibi, aliyekuwa na haja ya kumenya ndizi za familia nzima kila jioni, hakukigusa kamwe, bali alitumia kijisu chake chembamba kilicholika kwa kunolewa. Nilikiona kile kijisu cha bibi maelfu ya mara, wala sikukipa cheo cha kisu. Hilo ni kosa la macho ya watoto wa kiume wa wakati wetu.

Mwaka 1965 baba alinunua Okapi. Aliinunua katika duka moja mjini Ngara, akaja nayo imefungwa kwa kipande cha gazeti, akaikunjua mbele yetu sote, nasi tukasikia kwa mara ya kwanza ule mlio wa meno ya chuma yakipandana, ta-ta-ta, mpaka wembe ukasimama imara. Na ili kuukunja tena ilimpasa kuvuta kijipete cha chuma kilicho mgongoni mwa mpini. Mpini ulikuwa wa mti, umepambwa kwa nyota na miezi midogo ya shaba, nasi watoto tulizihesabu nyota zile kila baba alipotuazima wasaa wa kuishika. Baadaye sana nilikuja kujua tarikhi yake. Mnyama okapi, akaaye katika msitu wa Ituri huko Kongo, alijulikana tangu hapo na watu wa msitu ule, lakini wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901. Na mwaka uliofuata, 1902, kisu chenye jina lake kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, ambayo nchi yetu wakati huo ilikuwa mojawapo. Basi hakikuangukia mifukoni mwetu kwa bahati: kilikusudiwa kwetu tangu mwanzo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini kabisa.

Pamoja na Okapi baba alitufundisha adabu zake. Kisu hutolewa kwa mpini, wala mtu hasontwi kwa ncha. Akiingia mgeni, kisu hukunjwa kwanza ndipo salamu zitolewe. Nilidhani wakati ule kwamba adabu hizo ni za kumlinda mtu asikatwe.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, maduka yakawa matupu, na kwa miaka kadhaa wembe wa kunyolea ulikuwa hazina, sembuse kisu. Hapo wahunzi wakapata soko jipya. Springi za magari mabovu zilikatwa na kufuliwa upya zikawa mapanga, mihoro ya kufyekea na visu, navyo vilikuwa vya chuma kizuri ajabu, chenye kushika makali. Ila vilikuwa vizito. Nilipoanza kazi ya ubwana shamba mwaka 1981, nikizunguka kwa baiskeli kuwaonyesha wakulima namna ya kupogoa machipukizi ya kahawa, nilibeba kisu cha springi katika mfuko wa suruali, na kila mwezi mama alikuwa na kazi ya kushona kiraka pale kilipotoboa.

Na Okapi ya baba je? Kwa kuwa hakukuwa na nyingine ya kununua, aliinoa ile ile juu ya jiwe la mtoni, mwaka baada ya mwaka, wembe ukazidi kupungua upana mpaka ukawa kama jani la mwanzi. Utomvu wa ndizi ulikwisha kuutia weusi usiotoka. Siku moja kisu changu kilipokuwa kimeharibu ganda la mti wa kahawa wa jirani, baba alinipa Okapi yake bila ya kusema neno, nami nikaupitisha wembe ule chini ya chipukizi, likaanguka kabla sijahisi kuwa nimekata, na pale lilipotoka pakabaki kovu dogo, laini kama kucha. Nilisimama nikilitazama kovu lile kwa muda. Miaka yote nilitafuta kisu chenye nguvu zaidi, na kumbe kilichozidi vyote ni kile kilicholika, kama kijisu cha bibi.

Ingekuwa ni ubora wa kukata peke yake, simulizi hii ingekomea hapo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia wilayani kwetu. Sina maneno ya kutosha kuieleza barabara ile: magodoro vichwani, wazee juu ya baiskeli, na ukimya wa watu wengi kiasi kile, ambao sijapata kuusikia tena. Pale mpakani palikuwa na lundo la mapanga yaliyotupwa na waliovuka, na miongoni mwake mihoro ya kufyekea migomba, sawa kabisa na iliyokuwa imeegemezwa ukutani nyumbani kwangu. Nililipita lundo lile nikiwa na kisu cha springi mfukoni, nikahisi uzito wake pajani kuliko siku nyingine yoyote.

Majuma machache baadaye nilikuwa Benaco, ambako kambi ya wakimbizi ilikuwa imekua ikawa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Nilikuwa nimeketi kando ya njia nikila muwa, akasimama mbele yangu mtoto wa kike wa miaka sita hivi, akiutazama kwa hamu. Nikataka kumkatia pingili. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kisu. Mtoto hakulia wala hakukimbia. Aliacha tu kuutazama muwa, akautazama mkono wangu, na mwili wake wote ukakauka kama mti. Nilikirudisha kisu, nikauvunja muwa kwa goti, nikamwekea pingili chini mbele yake, nikaondoka ili apate kuiokota.

Tangu siku hiyo sikukibeba tena kisu kile. Kiko darini hata leo. Nilichukua Okapi ya baba, aliyekwisha kufariki, nikaona kuwa nayo ina taksiri yake: ule mlio niliokuwa nikiupenda utotoni uliwafanya watu wageuke ghafla. Ndipo nilipozifahamu adabu za marehemu baba kwa maana yake kamili. Katika nchi iliyoona tuliyoyaona, mtu akitaka kukaa na kisu mchana kutwa miongoni mwa wenziwe, hana budi kuchagua kile ambacho hakimshtui mtu kikitolewa: kidogo, chembamba, kinachokunjuka kimya. Wembamba wake ni sehemu ya staha.

Sababu ya mwisho ilikuja kwa njia ya migomba. Mwaka 2006 mnyauko uligunduliwa mkoani kwetu, wilayani Muleba, ugonjwa wa bakteria unaolifanya jani liwe njano na ndizi ioze ndani ikiwa bado changa. Nasi mabwana shamba tukaagizwa kuwaambia watu habari nzito, kwamba mchukuzi wake mmojawapo ni kisu. Wembe uliokata mgomba mgonjwa huupelekea ugonjwa mgomba ulio mzima. Ua dume, lile jekundu lining'inialo chini ya mkungu, likawa halikatwi tena kwa chuma bali huzungushwa kwa kijiti chenye panda mpaka livunjike. Na kila chombo hupitishwa motoni au huoshwa kwa Jik kabla ya kuuhamia mgomba mwingine. Hapo Okapi ilinishinda. Dawa ile huila pua ya kale mara moja, ikatoa kutu kabla ya jioni, na moto huulegeza wembe mwembamba usishike makali tena. Mpini wa mti nao hunywa utomvu usiweze kutakasika. Niliifuta, nikaipaka mafuta, nikaiweka sandukuni pamoja na rozari ya mama. Niliona uchungu.

Nikaenda mnadani Kabanga. Kijana muuzaji alinipokea kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Chukua hiki, kina mambo yote: koleo, bisibisi, kifungua chupa."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni sanduku la fundi. Nataka cha mfukoni mwa shati."

Akanimwagia vyote juu ya turubai, nami nikachuchumaa kuvichagua, na sikuharakisha. Nilikiweka kila kimoja juu ya vidole viwili nione kama kinaelemea upande. Nilikikunjua nikautikisa wembe kushoto na kulia, maana kisu kinachocheza kwenye kiungo chake siku moja kitakufungia kidole. Nilikikunja nikakiinua juani, nione kama wembe umelala katikati bila ya kukwaruza ubavu. Nilitazama mgongo, unene wake usizidi sarafu. Nikatazama mpini, uwe wa bati la pua lenye uwazi, maji yapite ndani na uchafu utoke. Katika visu vipatavyo ishirini, kimoja kilifaulu. Hakikuwa na jina. Bei yake ilikuwa shilingi elfu tatu, nami sikuomba kupunguziwa.

Ardhi ya Kabanga pale tulipokuwa ina nikeli nyingi, iliyotafitiwa tangu miaka ya 1970, nayo ni mojawapo ya madini yanayotiwa katika pua ya masufuria na vijiko isishike kutu. Naitamani sana siku ambayo kitu cha namna hiyo kitatengenezwa hapa hapa, na wajukuu wa wahunzi.

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya basi dogo kutoka Rusumo, barabara ikiwa imejaa malori yaendayo kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2016. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mto, alikuwa na chungwa na mtoto asiyetulia.

"Samahani baba, huna kisu?"

Nikakitoa, nikakikunjua, nikamgeuzia mpini. Mtoto aliuegemea mkono wa mama yake, akalifuata ganda kwa macho lilivyokuwa likishuka utepe mmoja mrefu, akafungua kinywa kabla chungwa halijawa tayari.