Ukiokoa Mnyama, Usiende Zako

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Kwa mnyama hiyo haishiki. Ukimwokoa halafu uende zako, umemrudisha tu pale pale.

Mbwa wangu nilimtoa kando ya jaa la taka, upele umemla mpaka manyoya yameisha. Wiki za kwanza nikiinua mkono kushika sufuria, anajikunja. Ilibidi nikae chini, nimwekee ugali na omena, ninyamaze. Dawa ya minyoo, dawa ya upele, chanjo ya kichaa cha mbwa: pesa ya bando iliishia huko. Na hakuna video ya hiyo kazi.

Pale Sheldrick, Nairobi, watoto wa ndovu yatima hupewa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na walezi hulala nao. Wakikua wengi wanapelekwa Tsavo, mwishowe wanarudi porini. Mlezi hapewi hata asante.

Sasa faida iko wapi? Mimi niliacha chuo, na kila mtu huniuliza nitakuwa nani. Huyu mbwa haulizi. Anajua tu jioni nitakuja na chakula, na kwa sababu anajua, lazima nije. Siku zangu zimepata mpangilio ambao ratiba ya chuo haikunipa.

Huwezi kufuga? Sawa, hujalazimishwa. Ukiona mnyama anateswa, pigia KSPCA. Lakini usichukue mtoto wa mbwa juu ya laiki. Laiki huisha kesho. Yeye kesho atakuwa na njaa.