Ukoko wa Msitu wa Kibuyuni



Aendaye Kibuyuni kutoka Diani hupita Msambweni na Ramisi, kisha huiacha barabara kuu ya Lunga Lunga pale Kanana, akashika njia ya Shimoni. Kijiji hiki kimepata sifa kwa mwani ambao akina mama huupanda maji yakitoka, wakauvuna na kuuanika. Leo tuipe bahari kisogo, tuutazame msitu wa maweni.

Msitu huu umeota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na udongo wake ni haba. Katika mianya yenye kivuli na unyevu huota kangaga, na chini yake hulala matawi yaliyoanguka. Ukiinama ukaligeuza tawi bovu, huenda ukaona utando mwembamba ulioshikamana nalo mfano wa ukoko wa wali na sufuria, hauna shina wala kofia. Hiyo ni kuvu, nduguye uyoga. Ni adimu machoni petu kwa kuwa hukaa upande wa chini, pasipotazamwa na mpita njia.

Subhanallah, kazi yake si ndogo. Nyuzi zake hupenya ndani ya mti mfu na kuulainisha. Mchwa na wadudu wengine wakamalizia, hata gogo likawa mboji. Juu ya mwamba, mboji hiyo ndiyo riziki ya mche unaofuata. Leif Ryvarden wa Norway na mwenziwe Inger Johansen walichapisha mwaka 1980 kitabu kizima kuhusu kuvu zenye vitundu ziotazo juu ya miti ya Afrika Mashariki. Nasi magogo hayo twayaruka tu.

Mama anayeokota kuni halaumiwi, kwani watoto wanangoja chakula. Lakini tawi lililooza halina moto. Hutoa moshi mwingi unaoumiza macho na kifua. Basi achukue lililo kavu na gumu, bovu aliachie msitu. Tukizoa yote, mwamba utabaki mtupu, na wajukuu wetu hawatapata kuni wala kivuli.

Mkienda na watoto, wafundisheni kuligeuza gogo taratibu kwa kijiti, kwani nge hujificha humo, na kulirudisha lilivyokuwa. Wala wasionje kuvu yoyote. Msitu ni amana, na amana hurudishwa kamili.

Wabillahi tawfiq.