Siku Tisa Matiri na Askari wa Shati Jekundu

Wapenzi, tuanze kwa kukiri: sisi si watu wa gemu. Kwetu Unguja mtoto akishika gemu tunamwambia akasome. Lakini Julai iliyopita tulikaa siku 9 Matiri, kule Mbinga, na tumerudi tukijua majina ya manahodha wa vyombo vya angani.

Tulikwenda kumchukua mtoto wa kaka yetu. Kaka alioa Mmatengo, akahamia huko, akafariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi mashangazi tukaamua wenyewe kwamba kijana wa miaka 12 atalelewa vizuri zaidi Unguja. Wifi hatukumuuliza. Tulifika baridi imekaza, kahawa imeanikwa uani. Wifi akatupa mablanketi na uji wa moto, wala hakuuliza tumefuata nini.

Kijana alikuwa haongei. Jioni, umeme ukiwepo, alifungua laptopu kuukuu ya baba yake na kucheza Star Trek: 25th Anniversary, gemu ya mwaka 1992. Star Trek ni tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza 1966, na ofisa wa mawasiliano wa chombo chao ni mwanamke mweusi aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Hata Kiswahili kidogo alikizungumza mwaka ule ule wa kwanza. Toleo la CD la gemu hii lina sauti za waigizaji wenyewe, kwa hiyo unamsikia Nichelle Nichols hasa. Tuliposikia hivyo tukasogeza vigoda.

Safari ya kwanza inawahusu waumini waliohamia sayari ya mbali, wanalalamika kwamba mashetani wametoka mlimani. Nahodha Kirk anashuka na Spock, daktari McCoy na askari wa shati jekundu. Usipowahi kufyatua silaha, askari anauawa. Na gemu inaendelea tu! Unapunguziwa alama mwishoni, basi. Lakini kijana, kila askari alipokufa, alirudi mwanzo. Tukamwambia, songa mbele mwanetu, huyo mtu wa kuchorwa. Akajibu bila kugeuka, "Shangazi, baba hakuwahi kumwacha."

Hatukuwa na la kusema. Wifi ndiye aliyesema, kutoka mlangoni, mikono ina unga: "Mwambie daktari amtazame yule mgonjwa kwanza." Kumbe naye anaijua. Kumbe walikuwa wakicheza watatu, na mafumbo mengi aliyafumbua yeye. Akakaa, akacheka, na kijana akaanza kuongea mpaka tukamwomba atuache tulale.

Alitupangia na nyingine za Star Trek. Elite Force ya mwaka 2000 ni nzuri ila ni risasi mwanzo mwisho. Tukakubali bila kuiona. Anayoitamani ni Bridge Crew ya 2017, ambayo ameiona kwenye video tu: watu 4, mmoja nahodha, mmoja usukani, mmoja silaha, mmoja injini, na nahodha hashiki usukani wala silaha, kazi yake ni kusema na watu wake. Alituhesabu kwa kidole: mama, shangazi, shangazi, mimi. Laptopu ile haiiwezi, lakini hesabu aliipiga.

Usiku wa mwisho wifi alituuliza, "Mmekuja kumchukua?" Mkubwa wetu akasema tumekuja kuwaona. Ulikuwa uongo, Mungu atusamehe. Wifi alijua, akatumiminia chai tena.

Sasa tunayo gemu hiyo hapa Unguja. Kabla ya kufika kwenye sayari kuna pambano la mazoezi baina ya vyombo viwili, na lilitutoa jasho wiki nzima. Askari wetu amekufa mara 4. Jana tulimpigia wifi atuambie pa kubonyeza.