Pesa ya Idi ni Mali ya Mtoto



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko masomoni, leo tumependa tuzungumze jambo linaloonekana dogo, nalo ni pesa za watoto.

Kila Idi hapa Nyamirambo watoto hutoka kuswali na nguo zao mpya, wakapita nyumba kwa nyumba, Biryogo mpaka Rwezamenyo, kuwaamkia babu, bibi, mashangazi na wajomba. Jioni hurudi mifuko ikilia sarafu za 50 na za 100, na mwenye bahati ana noti ya faranga 1,000. Hapo mama au baba husema: "Lete nikuwekee." Aghalabu pesa hiyo hairudi. Imenunua mkaa, au imepunguza deni la dukani. Mtoto akiuliza baada ya mwezi huambiwa: "Kwani wewe hapa unakula nini?"

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Maisha ya mjini ni magumu na kila mzazi anayajua ya nyumbani kwake. Lakini tujiulize, mtoto huyu amefunzwa nini? Amefunzwa mambo mawili: kwamba ukipata pesa uitumie haraka kabla haijachukuliwa, na kwamba amana si lazima irudi. Haya mawili ndiyo yanayowavunjia watu wazima heshima zao.

Mafunzo ya Qur'ani

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, Allah (S.W.) anawaelekeza wasimamizi wa mali za mayatima. Wasimkabidhi mali asiyejua kuitunza, bali wamlishe na kumvisha kutokana nayo na waseme naye kwa wema. Kisha wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepevuka akili wawape mali zao mbele ya mashahidi. Na msimamizi amekatazwa kuila mali hiyo mbiombio kabla mwenyewe hajakua.

Aya hizi hapa kwetu si za kusomwa tu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nyumba nyingi nchini zililea watoto wasio wao, na walezi walishika viwanja na mali za watoto waliobaki peke yao. Wako waliokabidhi kila kitu mtoto alipokua, na heshima yao ipo mpaka leo.

Tuzingatie neno hilo la kujaribu. Mtoto hajaribiwi kwa mawaidha peke yake, anajaribiwa kwa kushika kitu. Na ikiwa yatima ana haki hiyo, basi na mwenye wazazi wake asinyimwe.

Daftari la nyumbani kwetu

Sisi tuna watoto watatu, na riziki yetu ni cherehani. Tulianza na kutuma dukani. Mtoto wa miaka sita hupewa noti ya 500 akanunue chumvi na kiberiti, akirudi ahesabu chenji mezani kwa sauti. Haambiwi "baki nayo" kila mara, kwa sababu akizoea hivyo ataona chenji ya watu ni haki yake.

Pesa za Idi tunaziandika. Kila mtoto ana ukurasa wake kwenye daftari: jina, tarehe, kiasi. Akitaka kutoa anasema ni za nini, na kinachobaki kinaandikwa mbele yake. Mkubwa wetu alipokuwa na miaka tisa alimaliza pesa zote siku moja kwa mpira uliopasuka kabla ya wiki kwisha. Hatukumgombeza, wala hatukumrudishia. Idi iliyofuata alikaa siku nne akiuliza bei kabla ya kununua chochote.

Kisha ikatufika siku ya kujaribiwa sisi. Mota ya cherehani iliungua kazi zikiwa nyingi, na baada ya kukusanya tulichonacho tukapungukiwa faranga 6,000. Kwenye ukurasa wa yule mkubwa zilikuwepo 7,500. Wapo watakaotukumbusha hadithi ya mtoto na mali yake kuwa ni vya baba yake. Wanavyuoni walio wengi wameifungamanisha na haja ya mzazi, wala si ruhusa ya kuchukua ovyo. Sisi tulichagua kukopa. Tukamwomba, akakubali, tukaandika kama inavyofundisha aya ya 282 ya Suratul-Baqarah: kiasi, na muda wa kulipa. Tutalipa 1,500 kila Ijumaa, kwa Ijumaa nne, bila nyongeza, kwani nyongeza juu ya mkopo ni riba hata ikiwa ya mtoto.

Ijumaa ya tatu wateja hawakuja. Alhamisi usiku tulimwita, tukamwambia kesho hatuna, tunaomba tulipe Ijumaa ijayo. Alifikiri kidogo, akachukua kalamu akaandika mwenyewe tarehe mpya. Ijumaa ya tano deni lilikwisha. Hakuna darsa la uaminifu tulilowahi kumpa lililomwingia kama lile la kuwaona wazazi wake wakija kumwambia kabla ya siku kufika, badala ya kumkwepa.

Kwa nini mapema?

Kwa sababu mtaani wapo walimu wengine. Tangu huduma ya pesa kwa simu ilipoingia Rwanda mwaka 2010, pesa imekuwa haionekani wala haishikiki, kijana anabonyeza tu na imekwenda. Na maduka ya kubashiri mechi yako njiani anakopita. Kijana ambaye hajawahi kushika faranga 1,000 akaitolea hesabu, atafundishwa na maduka hayo kuwa 1,000 inazaa 50,000 kwa usiku mmoja. Kamari imeharamishwa waziwazi katika Suratul-Maidah, aya ya 90, lakini katazo hulishika vyema zaidi yule anayejua jasho la kila faranga.

Na deni si jambo la mchezo. Mtume (S.A.W.) alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kwanza kama maiti ana deni. Wazee wa Kiswahili wa mji huu, wakati shule nyingi zilikuwa za makanisa na milango ya ofisi ikiwa mizito kwao, waliishi kwa biashara, udereva na ushoni. Mtaji wao mkubwa ulikuwa kuaminika: mtu anapewa mzigo leo, analipa akishauza. Tukiwapa watoto elimu ya darasani bila hiyo, tutakuwa tumewapa nusu.

Nasaha zetu

Kwa wazazi: andikeni pesa ya mtoto hata ikiwa 200. Mkiikopa, semeni, na mrudishe. Mshirikisheni mtoto anapotoa sadaka, atoe ya kwake, asipewe sarafu yenu mlangoni mwa msikiti. Wala msimfanye bahili, maana Suratul-Israa, aya ya 29, inakataza mkono uliofungwa kama inavyokataza mkono uliokunjuliwa wote.

Kwa wanafunzi: pesa ya matumizi mnayotumiwa bwenini ni amana. Andikeni ilikokwenda, hata kama hakuna atakayewauliza. Na ukikopa kwa mwenzako, mwendee wewe kabla hajakufuata.

Tunamuomba Allah awajaalie watoto wetu riziki ya halali, mikono ya kutoa, na nyoyo zinazoogopa haki ya mtu hata ikiwa sarafu moja. Amin.

Wabillahi tawfiq.