Randa na Diploma

Kijana mmoja wa mafundisho yangu hapa Uvira aliniuliza: «Mwalimu, diploma ninayo, kazi iko wapi?» Nilinyamaza. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilicholisha jamaa nyingi, kilisimama mwaka 1996 kwa sababu ya vita. Wenzake wawili walikwisha kushika bunduki. Kumwambia asali tu kungekuwa kumfukuza kwa upole.

Kesho yake nilimpeleka Kalundu, kwa fundi wa mitumbwi ya kuvulia ndagala. Aliona haya kushika randa. Nikamkumbusha: Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala, na mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi.

Ndugu wasomaji, tusiwaombee vijana kazi, huku tukizidharau kazi zilizopo.