Pine ya gari kwenye moto

Huko Marekani, baadhi ya wenye moto kubwa za safari, kama Honda Gold Wing, huweka pine ya gari nyuma kwa sababu inakawia kuisha. Motari mmoja wa Goma, ambaye mawe ya volkano humlia pine kila mara, alitaka kufanya vile.

“Hapana, mudogo wangu,” fundi alimwambia. “Pine ya moto ina mgongo wa duara, inainama nayo kwenye kona. Ya gari iko bapa; moto ikiinama, inakanyagia ukingo. Tena janti yako ni nyembamba, haitaishika.”

Motari akamkumbuka mama aliyembeba asubuhi, mtoto mgongoni, akikimbia vita. Akalipa nusu ya bei ya pine ya moto. Moto ikabaki kwa fundi, yeye akarudi nyumbani kwa miguu.