Kabla Mama Hajaweka Sahihi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusikiliza, na picha za barua za vyuo nimezisoma zote. Hongera sana. Kukubaliwa kusomea uhandisi Purdue kule Indiana, Madison kule Wisconsin na hapo hapo kwenu Minnesota si jambo dogo. Bibi yako Tanga ameshawatangazia majirani, kwa hiyo hili la kuchagua tulimalize mapema kabla hajakuchagulia yeye.

Umeniuliza chuo kipi kina jina zaidi. Ni Purdue. Kimekuwepo tangu 1869, Neil Armstrong alisoma pale, na Eugene Cernan, mtu wa mwisho kutembea mwezini, alisoma pale pia. Ukikitaja mbele ya wahandisi hakuna atakayeuliza kiko wapi. Ila mimi nataka tuzungumzie nani atalipa, na atalipa mpaka lini.

Purdue wameizuia ada isipande tangu 2013, na mkazi wa Indiana hulipa chini kidogo ya dola 10,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba uliyoiona ukafurahi. Wewe si mkazi wa Indiana. Yako ni karibu mara tatu ya hiyo, kabla ya chumba na chakula. Na huyo rafiki yako anayesema ukikaa kule mwaka mmoja utahesabiwa mkazi, mwambie akasome kanuni. Aliyehamia jimbo kwa ajili ya masomo, na mzazi wake anayemtunza yuko jimbo lingine, kwa kawaida hubaki mgeni mpaka anahitimu.

Minnesota ada na michango ni kama dola 17,000 hadi 19,000 kwa mwaka. Lakini tangu 2024 jimbo lenu lina mpango unaoitwa North Star Promise: familia ambayo mapato yake kwenye hesabu za kodi hayafiki dola 80,000, mtoto wao akisoma chuo cha umma cha Minnesota, jimbo linalipa ada yote inayobaki baada ya misaada mingine. Mama yako, hata na zile zamu za usiku kwa wazee, hafiki hapo. Kwa hiyo ada inaweza kufutika kabisa. Chumba na chakula haviguswi, ndiyo maana ningependa mwaka wa kwanza ulale nyumbani Brooklyn Park. Najua utanuna.

Madison ni kisa cha katikati. Minnesota na Wisconsin zina makubaliano ya ada, kwa hiyo hutatozwa ile ada kubwa ya wageni. Utalipa kiasi kinachokaribiana na cha nyumbani. Hayaji yenyewe, lazima uombe kupitia Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota. Na ile North Star haivuki mpaka.

Sasa zirudie barua zao za msaada wa fedha, maana zimeandikwa kwa ujanja. Mkopo umepangwa safu moja na ruzuku, na chini wamejumlisha vyote wakaviita msaada. Mikopo itoe kwenye jumla, kisha piga hesabu upya. Serikali kuu inamkopesha mwanafunzi kama wewe dola 5,500 mwaka wa kwanza, na kwa miaka minne haizidi 27,000. Pengo la Purdue ni kubwa kuliko hapo, na ili kuliziba watamgeukia mzazi, au benki itataka mdhamini. Mdhamini kwa benki si mtu wa kusema huyu mtoto ana tabia njema. Ukishindwa kulipa, deni ni lake, hata akiwa amestaafu. Dada yangu ukimpa karatasi atasaini bila kusoma ukurasa wa pili. Ndiyo sababu nakuandikia wewe na si yeye.

Utaniambia jina la chuo litalipa. Katika fani nyingine pengine. Katika uhandisi kinachoangaliwa kwanza ni kama programu yako ina ithibati ya ABET, na vyuo vyote vitatu vinayo. Vyuo vya Mankato na Duluth, hapo hapo Minnesota, ambavyo hukuvitaja kabisa, navyo vina programu zenye ithibati hiyo hiyo. Muhuri ninaogonga kwenye michoro ya madaraja hapa Texas una jina langu, namba ya leseni na jina la jimbo. Chuo nilichosoma hakimo. Wewe unataka vifaa tiba, na wengi wa huko leseni hawaichukui kabisa. Huko unaulizwa umeshika nini kwa mikono yako kabla ya kuhitimu.

Hapo ndipo kwenu kunapong'ara. Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis, na wakati huo vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo vilitegemea umeme wa ukutani. Daktari Walton Lillehei wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota akamwendea Earl Bakken, mhandisi wa umeme aliyesoma chuo hicho hicho na kuanzisha Medtronic kwenye gereji mwaka 1949. Baada ya wiki chache Bakken alileta kifaa kidogo cha betri ambacho mgonjwa angeweza kukivaa. Leo Medtronic wako Fridley, Boston Scientific wana kituo kikubwa Arden Hills, na kote huko unafika kwa gari kutoka kwa mama. Mwanafunzi anaweza kufanya kazi maabara muhula mzima, si kiangazi tu. Indiana nao wana mji wa Warsaw, unaosifika kwa nyonga na magoti ya bandia, lakini Warsaw haiko jirani na Purdue.

Ungeniambia unataka uhandisi wa nyuklia, ningekufungia begi niseme nenda Madison, kwa sababu wanayo na Minnesota hawana. Na Purdue wakikupunguzia mpaka gharama zilingane, nenda pia, mradi usome masharti ya punguzo. Yapo mapunguzo yanayokatwa wastani ukishuka, na hesabu za mwaka wa kwanza zinaangusha hata wale waliokuwa wa kwanza shuleni.

Kitu kimoja Minnesota kinanitia wasiwasi. Umekubaliwa Chuo cha Sayansi na Uhandisi. Idara ya uhandisi wa tiba utaiomba baadaye. Purdue nao huanza na mwaka wa uhandisi wa jumla. Waandikie wote wiki hii, uwaulize wastani gani unahitajika kuingia idara hiyo, na wangapi hukataliwa. Mwisho wa kuthibitisha ni Mei 1. Majibu yakija nipigie Jumapili mchana, mama akishaamka, na simu iwekwe spika.

Mjomba wako